Gati Lililopauka

Vancouver, 9 Machi 2014

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limetulia na kuni bado zipo. Mimi ni mzima. Huku ni mvua tu, leo siku ya kumi na saba mfululizo. Nimezihesabu kwenye shajara. Kazini bado nachora mandhari za katuni za watoto. Juma hili ni msitu wa uyoga, na bosi anataka uyoga uonekane una furaha.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mimi nawe huzungumza hali ya hewa, kisha unaniambia gharama inapanda.

Julai nakuja nyumbani, likizo imeshakubaliwa. Nataka kushiriki Siku ya Nje ya chama chenu cha wachoraji. Sitatumia rangi za mafuta. Nitatumia kishikwambi changu.

Najua umeshaiweka barua mezani. Ichukue tena.

Nimechora kwa kioo hiki miaka kumi na moja. Kila Krismasi nakuletea picha moja, imechapwa kwenye karatasi nzuri, na kila Krismasi unasema, "Nzuri, mwanangu," unaiweka juu ya piano, kisha unaniuliza kama nimekula. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, nikitumia rangi zako, ulikuwa ukinigombeza mpaka Mama anaingilia kati. Anga zito, mti umesimama kama askari, nani amekufundisha kuchora mkono wa namna hii? Nililia sana miaka ile, Baba, lakini nilijua mimi ni mchoraji. Sasa hunigombezi. Unanisifu kama mtu anavyosifu chai ya jirani.

Ninachotaka ni hiki: picha yangu itundikwe ukumbini pamoja na zenu, na ihukumiwe kama picha. Ikiwa mbaya, iwe mbaya. Wewe ndiye mwenyekiti, kwa hiyo nakuomba wewe kwanza.

Msalimie Bernadine. Usipande ngazi mwenyewe.

Mwanao,
Effie


Port Corran, 24 Machi 2014

Mwanangu Effie,

Marahaba. Barua yako ilifika Alhamisi, ikiwa imelowa pembe moja. Nadhani ni mvua yenu ya huko. Goti liko kama lilivyo. Theluji bado inafika dirishani upande wa kaskazini, na barafu ya bandarini haijavunjika. Nimekula, kabla hujauliza.

Nimekusikia. Sasa nisikie na mimi.

Unajua kwa nini tuna mhuri. Zamani watu walikuwa wanachora nyumbani majira yote ya baridi, halafu siku yenyewe wanajificha nyuma ya mwamba na kutoka jioni na picha ya miezi mitatu. Ndipo tukaamua kwamba saa mbili asubuhi kila mtu alete turubai tupu, nami niligonge mhuri mgongoni, niandike tarehe na kutia saini. Saa kumi jioni Archie Dan anapiga kengele, na baada ya kengele hakuna kugusa. Ndiyo sheria yetu nzima. Nyingine ni mapambo.

Nitaugonga wapi mhuri wako? Kwenye kioo?

Nilimgusia Archie. Yeye ni katibu, lazima ajue. Akasema, "Sawa, alete. Na mimi nitaleta jokofu langu. Lina mlango mweupe, mpana, mhuri utakaa vizuri."

Bernadine, mwanakamati mwenzetu, alikuwa anamenya viazi, hata hakuinua kichwa. Akamwambia, "Archie, jokofu lako likishiriki litapata utepe kabla yako."

Lakini mwanangu, nikuulize kwa utulivu. Ukikosea, unabonyeza na kosa linafutika kama halikuwahi kuwepo. Picha yenyewe iko wapi? Nikisema nataka kuishika, nitashika nini? Unaweza kuchapa mia moja zinazofanana. Haina harufu, haina unene. Mimi nikipitisha kidole kwenye turubai la mtu, najua alipoogopa na alipopata ujasiri. Kwenye kioo chako nitapitisha kidole na kuacha alama ya siagi.

Sisemi huna kipaji. Nasema sijui hicho ni kitu gani.

Babako


Vancouver, 6 Aprili 2014

Mpendwa Baba,

Shikamoo tena. Nimefurahi goti halijazidi. Mvua ilikatika jana saa nane mchana, ikarudi saa kumi na moja. Mimi mzima, ila shingo.

Nakujibu moja baada ya jingine, kama ulivyonifundisha kusafisha brashi.

Kufuta. Ndiyo, nafuta. Wewe una kisu cha kukwangulia na kitambaa cha tapentaini. Ile picha yako ya mnara wa taa, Mama alisema uliikwangua mara tisa. Hakuna aliyedai kwamba kisu ndicho kilichoichora.

Nakala. Bernadine anachonga ubao, anachapa karatasi arobaini, anaziandika namba kwa penseli, na mnazitundika ukumbini kila mwaka. Mimi nitachapa moja tu na kuitia saini.

Harufu sina. Ninyi mna harufu, mimi nina shingo inayouma. Na kosa langu halionekani kwa kidole, lakini linaonekana kwa jicho. Mkono ni ule ule uliokuwa ukiushika ukisema, "Legea, legea." Kalamu ya kishikwambi nayo inajua nikikaza: mstari unakuwa mnene na mjinga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Baba. Kioo hakinichorei chochote. Nisipochora, kinabaki cheupe siku nzima, na betri inaisha.

Sasa mhuri. Kwenye kishikwambi tunachora kwa matabaka, kama wewe unavyoanza na rangi ya udongo kisha unapanda juu yake polepole. Saa mbili asubuhi gonga mhuri kwenye karatasi nyeupe, andika tarehe, tia saini. Nitaipiga picha mbele ya macho yako, na picha hiyo itakuwa tabaka langu la kwanza, chini kabisa. Kila nitakachochora siku hiyo kitakaa juu yake. Mtu akiwa na shaka, nitayafunua matabaka moja moja mpaka afike kwenye saini yako. Ninyi mhuri wenu uko mgongoni. Wangu utakuwa chini ya miguu.

Msomee Archie. Mwambie jokofu lake nimelikubali, alete na siagi.

Mwanao,
Effie


Port Corran, 4 Mei 2014

Mwanangu Effie,

Natumaini shingo imepata nafuu. Paka kitu cha moto usiku. Barafu ilivunjika tarehe 22, maboti yameanza kutega kambakoche, na Hector ameezeka banda lake la gatini upya kwa bati jekundu ambalo linaonekana mpaka Newfoundland, ng'ambo ya bahari.

Kamati ilikaa Jumatano. Nilimpa Archie barua yako aisome mwenyewe kwa sauti. Alipofika kwenye shingo inayouma akasimama, akasema, "Hapo angalau ni mchoraji." Kwenye hoja ya mhuri alirudi nyuma, akarudia kusoma. Archie akirudia kusoma ni dalili nzuri, lakini hakukubali.

Tulichoamua ni hiki. Utashiriki. Nitakugongea mhuri kwenye karatasi kama ulivyosema. Mahali pa kuitundika tutapigia kura baada ya kuiona: ama ukumbini pamoja na picha, ama kwenye korido, kwenye meza ya Mengineyo, palipo na vibanda vya ndege na mablanketi ya viraka.

Usije ukanilaumu kabla ya wakati. Mimi nina kura tu kama wengine wakifungana.

Njoo salama. Chumba chako nimekipaka rangi. Ya mafuta.

Babako


Vancouver, 27 Julai 2014

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, ndege ilichelewa saa mbili Toronto. Biskuti za shayiri ulizonifungia ziliisha kabla ya Winnipeg. Natumaini uko mzima, na kwamba ile ngazi bado iko stoo nilikoifungia.

Siku nane tulikuwa nyumba moja na hatukulizungumza. Basi naandika.

Tarehe 19 saa mbili asubuhi uligonga mhuri kwenye karatasi, nikaipiga picha, ukanitazama nikifanya hivyo. Nilikaa gatini, upande wa banda la Hector, maji yakipwa. Nilikuwa nimetengeneza kofia ya kadibodi ya kukikinga kioo na jua. Saa tatu na robo upepo uliichukua ukaipeleka majini, na Hector akapiga kelele kutoka kwenye boti, "Effie, umeanza kutega?"

Nikaendelea bila kofia. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu aliyechora ndani miaka kumi na moja. Juani kioo kinaonekana kimefifia. Jicho linakudanganya kwamba rangi zako ni nzito, unaziongeza weupe, unaongeza tena. Saa kumi Archie alipopiga kengele nilikuwa na furaha. Jumatatu nikaenda kuichapa mjini, Sydney ya huko kwenu, kwa Roddie mchapaji, na ilipotoka kwenye mashine nikaona. Imepauka, kama khanga iliyosahauliwa kwenye kamba mwaka mzima.

Jumatano uliiangalia mezani jikoni kwa dakika tatu. Nilizihesabu. Kisha ukasema chai inapoa.

Nimekuachia. Kamati ipige kura yake. Nakuomba jambo moja: ukiwa na neno la kusema juu ya picha ile, liseme.

Mwanao,
Effie


Port Corran, 1 Agosti 2014

Mwanangu Effie,

Nashukuru umefika salama. Hapa joto limezidi, goti halilalamiki joto.

Kamati ilikaa juzi usiku. Kura tatu kwa ukumbini, tatu kwa korido. Bernadine alikutetea mpaka sauti ikakauka. Archie aliishika picha kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye taa, akauliza, "Imefuliwa mara ngapi hii?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumjibu.

Kura zikifungana mwenyekiti anaamua. Nilisema korido.

Mwenyekiti hamfungulii mwanawe mlango. Kama ungekuwa mtoto wa mtu mwingine labda ningefikiri tofauti, labda sivyo. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa, na imeandikwa kwenye kitabu cha kamati.

Iko karibu na dirisha, kati ya vibanda vya ndege viwili. Maonyesho yanafunguliwa kesho, yatakwisha Oktoba, Sikukuu ya Shukrani.

Babako


Port Corran, 18 Agosti 2014

Mwanangu Effie,

Sijapata barua yako. Nimekwenda posta kila siku ila Jumapili. Natumaini ni hasira na si ugonjwa. Hasira naijua dawa yake.

Jumamosi nilikwenda Sydney kununua kioo cha fremu, nikapita kwa Roddie. Akaniambia, "Mzee Lauchie, binti yako mbishi!"

Nikasema, "Amefanya nini?"

"Picha yake ilitoka imepauka. Nikamwambia, dada, sogea hapa, nikuvutie kidogo tu upande wa giza kwenye kompyuta, dakika moja, itawaka kama taa. Akaniuliza leo siku gani. Nikamwambia Jumatatu. Akasema, kengele ilipigwa Jumamosi saa kumi. Chapa kama ilivyo."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia hakuna atakayejua. Mzee, alinitazama kama nimemtukania baba yake."

Nilisahau kioo pale pale juu ya meza yake. Nilikumbuka nimefika nusu ya njia, sikurudi.

Sasa kaa kitako.

Unaijua picha yangu iliyo ukumbini, juu ya kiti cha mwenyekiti, Asubuhi Bandarini. Ilipata utepe wa kwanza mwaka 1981, miaka miwili kabla hujazaliwa. Watu wote husifu ule mwanga juu ya maji, mstari mmoja mweupe upande wa kushoto. Padri aliutolea mfano mara mbili kwenye mahubiri. Archie alisema mwanga ule ndio uliomfanya ajiunge na chama.

Mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa na gari la mizigo, nikapewa kazi ya kubeba picha za watu kutoka gatini mpaka ukumbini baada ya kengele. Yangu ilikuwa imekufa. Maji mazito kama supu ya jana. Nilijua. Nilisimamisha gari nyuma ya kiwanda cha maziwa, nikachovya kidole gumba kwenye rangi nyeupe, nikapitisha mara moja. Sekunde kumi. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Mhuri ulikuwa mgongoni, halali kabisa.

Hakuna aliyejua. Sikumwambia hata mama yako.

Miaka ishirini na miwili nimekaa chini ya picha ile nikigonga mhuri kwenye migongo ya turubai za watu, nikiwaambia kuhusu kengele. Na nilikuambia wewe kwamba mkono hausemi uongo na mashine inasema. Mwanangu, rangi ilikuwa ya mafuta, kidole kilikuwa changu, na ulikuwa uongo. Na wewe ulikuwa na mashine inayoweza kufuta kila kitu, ukakubali kuaibika na picha iliyopauka.

Jambo jingine, la kazi. Sisi tukichora juani, turubai linang'aa, tunadanganyika tunatia giza. Tukiingia ndani picha ni usiku. Ninyi jua linawadanganya mnatia weupe. Nimechora nje miaka arobaini na sikuwahi kulifikiri hilo. Ni jua lile lile.

Mkutano mkuu ni tarehe 21 Septemba. Mficha uchi hazai. Nitasema.

Babako


Vancouver, 31 Agosti 2014

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Ilikuwa hasira.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nimeiandikia kurasa tatu kwenye shajara ambazo sitakutumia. Nimelia kidogo kuhusu ule mwanga. Nilijifunza kuchora maji kwa kuutazama.

Sina haki ya kukuhukumu, na sitaki. Lakini nikuambie ukweli. Tarehe mosi uliniandikia kwamba mwenyekiti hamfungulii mwanawe mlango, nikaamini kwamba huo ni uadilifu, nikaumia lakini nikaheshimu. Sasa sijui niheshimu nini. Ukisimama mbele ya watu, simama kwa ajili ya kidole gumba chako. Usisimame kwa ajili yangu. Sitaki picha yangu iingie ukumbini kwa huruma ya mtu anayetubu. Heri ibaki na ndege.

Na bado hujanijibu. Umeniambia nilikuwa mwaminifu. Uaminifu ni mambo ya kengele. Nilikuuliza kuhusu picha.

Natumaini goti ni zima. Jitunze.

Mwanao,
Effie


Port Corran, 28 Septemba 2014

Mwanangu Effie,

Nakuombea afya na mvua ya wastani. Mimi goti zuri, usingizi mzuri. Wa pili umenishangaza.

Nilisema. Watu ishirini na mmoja ukumbini, chai na keki ya tangawizi ya Bernadine. Niliiteremsha picha ukutani mwenyewe (kwa ngazi, ndiyo, Hector aliishika), nikaiweka mezani, nikawaeleza gari, kiwanda cha maziwa na kidole. Nikaweka utepe pembeni yake, na mhuri juu ya utepe. Nikasema mimi si mwenyekiti tena.

Halafu Archie akaja, akainama mpaka pua ikakaribia turubai, akautazama ule mstari mweupe muda mrefu.

"Kidole gumba?" akauliza.

"Kidole gumba."

"Cha kulia?"

"Cha kulia."

"Mimi miaka thelathini nimejaribu kuupata kwa brashi ya nywele za mbweha!" Akakaa, akajipiga paja. "Lauchie, wewe mwizi. Mwizi kabisa. Nipe hiyo keki."

Bernadine hakucheka. Aliniambia palepale kwamba mwaka 1981 aliyekuwa wa pili ni yeye. Nilikuwa nimelisahau. Yaani nilikuwa nimejisahaulisha. Utepe ulikwenda kwake, na ameukubali, na bado hajanisemesha ila kwa mambo ya lazima. Anayo haki.

Kisha nikaomba nafasi kama mwanachama wa kawaida. Nilikuwa nimeyashika maneno yako, kwa hiyo sikusema kitu kuhusu uaminifu wako. Nilisema tunataka kujua mambo mawili tu: je, picha imechorwa siku ile, na je, imechorwa na mtu. Kwa hii tunao mhuri chini yake, na mtu tulimwona gatini na kofia yake ikielea. Mengine ni kupenda au kutopenda harufu. Archie akasema harufu ni jambo kubwa. Wakapiga kura bila mimi: kumi na mmoja walikubali, tisa walikataa. Archie alikataa, kisha akaenda mwenyewe koridoni kuichukua, akaitundika, na kuipima kwa pima-maji mara mbili.

Iko ukumbini tangu hapo, kati ya Hector (amechora kambakoche) na ubao wa Bernadine. Leo Jumapili baada ya misa nilikaa nyuma nikasikiliza watu. Mke wa Hector alisema bati lao si jekundu kiasi hicho. Hector akasema ni jekundu kiasi hicho hicho, na kwamba yeye alimwambia mkewe asilinunue. Padri akauliza maji yalikuwa yanapwa au yanajaa, wakabishana dakika kumi. Hakuna aliyeuliza imechorwa kwa kifaa gani.

Sasa picha. Nimeitazama siku saba, asubuhi na jioni, kwa sababu kule kwenye korido sikuwahi kwenda kuitazama, na jikoni niliogopa. Niliogopa iwe nzuri nishindwe kuikataa, au iwe mbaya nilazimike kukuambia na usirudi tena Krismasi. Ndiyo maana nilikuwa nauliza kama umekula.

Kupauka tuache, umeshalijua.

Boya la njano upande wa kulia halina kazi. Linaita jicho, na jicho likifika halikuti kitu. Ulichoka ukalitia ili kujaza. Liondoe.

Kilima kule nyuma kina ukingo mkali kama kimekatwa kwa mkasi. Hiyo ni tabia ya katuni, umeitoa kazini. Kilima kilicho umbali wa maili tatu hakina ukingo, kina mashaka.

Kivuli chini ya gati umekifanya cha bluu. Tope halina bluu. Umekijua kivuli kwa kukariri na si kwa kukitazama, na kwa mtu wa umri wako ni aibu.

Banda ni zuri. Bati limechorwa na mtu aliyechekeshwa nalo, na inaonekana. Sikuwahi kuchora bati hivyo, na sidhani nitaweza.

Babako


Vancouver, 12 Oktoba 2014

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na heri ya Sikukuu ya Shukrani. Mimi mzima, shingo nzima, mvua imeanza. Mpelekee Bernadine maua, usimpelekee keki.

Barua ilifika Jumatano. Nilikasirika mpaka Ijumaa. Leo nimefungua picha na kuweka barua yako pembeni yake.

Boya: kweli. Nilichoka, na niliona aibu kuacha pembe tupu.

Kilima: nusu kweli. Ukingo ni wa katuni, nimeona, na sasa nauona kwenye kila kitu nilichochora mwaka huu, asante sana. Lakini asubuhi ile hakukuwa na ukungu, na kilima kilikuwa karibu kuliko kawaida. Muulize Hector.

Kivuli: hapana. Sikubali hata chembe. Maji yalikuwa yametoka dakika chache tu, tope lilikuwa limelowa likang'aa, na anga lote lilikuwa limelala juu yake. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni mwa ukumbi na mhuri wako, mgongo kwa bahari. Mimi nilikuwa pale, Baba, nimechuchumaa kwa saa nane, na niliitazama bluu ile mpaka macho yakatoa machozi. Hukukiona. Umekikariri wewe.

Andika haraka, maana nimeshaanza kufikiria jibu lako na linaniudhi.

Mwanao,
Effie